Nilimpandisha Babu Yangu Farasi

Nianze na kosa lenyewe kabla sijapata nafasi ya kulipamba, maana najijua: nilimpandisha marehemu babu yangu farasi. Babu hakupanda farasi. Sidhani kama aliwahi hata kumgusa mmoja. Nilimpandisha mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu, na huyo farasi nikampa jina.

Usicheke bado. Au cheka sasa hivi, maana mbele utaona haya.

Jina langu silitaji. Watu wa commune ya Tshopo hapa Kisangani wameshanijua, na hao walinicheka zamani, hawana jipya la kunifanyia. Kazi yangu ni kuongoza sherehe: harusi, mahari, ubatizo, hata matanga ya wenye uwezo. Mikrofoni ikiwa mkononi mwangu, bwana harusi mwenye kibanda cha sabuni anakuwa mwenye viwanda, na shangazi aliyekuja kwa ajili ya wali anakuwa nguzo ya ukoo. Hakuna aliyewahi kulalamika. Watu wanataka kudanganywa vizuri, na mimi nadanganya vizuri sana. Ndiyo balaa yangu.

Sasa babu. Sisi tulimwita Nono. Alikuwa mtu mweupe, mfupi, mwenye duka la vitambaa na chumvi karibu na mto, na aliishi na nyanya yetu, mwanamke wa kabila la Walokele kutoka Yanonge, mpaka kifo kikawatenganisha. Mji wote ulimwita Mwitaliano. Kumbe alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rodo, kilichotawaliwa na Italia wakati ule, kile kile ambacho mtume Paulo alikipitia kwa meli. Nyanya hakuacha mwanamke yeyote wa kanisani bila kumwambia hilo! "Nono" ni babu katika lugha ya kwao, Kihispania cha zamani.

Wakati wa vita vikubwa, Wanazi waliwakusanya Wayahudi wa kisiwa chake, wazee na watoto, wakawapakia meli, kisha treni, mpaka kambi ya mauaji kule Polandi. Wengi sana hawakutoka. Nono alitoka. Hakuwa tena na nyumba wala mtu kule, akaja hapa Kongo kwa mjomba wake, ambako dada yake mdogo Alegra alikuwa ameletwa kabla ya vita, bado mtoto. Mkononi alikuwa na namba za wino wa buluu zisizofutika. Tulipomuuliza, alitupa biskuti, akatuambia twende tukacheze.

Habari yake yote aliisimulia kwa mtu mmoja tu: binti yake mkubwa, Tantine Rebeka, dada ya mama yangu, ndiye aliyenilea.

Alegra mwenyewe hakusimuliwa. Na yeye ndiye aliyekuwa na haki, maana walioingia kambini walikuwa kaka zake wawili: Nono, aliyeitwa Davidi, na mkubwa wao, Musa. Musa hakurudi. Kila Alegra alipomuuliza Nono, Nono alitoka kwenda kufunga duka, hata kama lilikuwa limefungwa. Kisha Alegra akaolewa, ghasia zikaja baada ya uhuru, akahamia Ubelgiji na mumewe. Mawasiliano yakafa.

Bon. Mwaka jana binti yake Alegra, Madame Estelle, alitupata kwenye Facebook. Akasema mama yake ni mzee sana, na kabla hajafa anataka kujua jambo moja: Musa aliishia vipi. Akasema tena kwamba habari nzima inapaswa kurekodiwa, ili watoto na wajukuu wa kule na wa huku wawe nayo. Angekuja mwenyewe kuichukua.

Ukoo ukakaa. Nani atamrekodi Tantine Rebeka? Tonton, mjomba wangu, hakufikiri hata kidogo, akaninyooshea kidole.

"Huyu iko na téléphone ya muzuri na kinywa ya muzuri. Anaishi na Tantine. Alors, munatafuta nani ingine?"

Nikakubali kwa kichwa kikubwa, kama waziri aliyeteuliwa.

Ikafika alasiri yenyewe. Tantine alikaa uani, miguu ameinyoosha, anachambua pondu, yale majani ya muhogo, akaanza kusimulia. Jamani! Tantine hajui kusimulia! Alianza na hali ya hewa ya kisiwani. Akanyamaza. Akachambua. Akarudi nyuma kueleza mlango wa nyumba yao ulikuwa wa rangi gani. Akanyamaza tena, mpaka kuku akapita katikati yetu na kurudi. Mimi ninayejua kuamsha ukumbi mzima kwa neno moja!

Nikabonyeza kurekodi, simu ikaniambia imejaa. Ilijaa nini? Video zangu mimi, nikicheza kwenye harusi za watu. Nilipaswa kufuta chache. Nikazitazama, nikaona katika kila moja nimependeza. Nikasema, nitafuta baadaye.

Halafu, na hapa ndipo nastahili viboko, nikainua simu mbele ya uso wake kama mtu anayerekodi. Kumbe namwandikia mteja wangu wa mtaa wa Kabondo, tunabishana kama keki ya harusi yake iwe rangi ya waridi au ya maziwa. Tantine anasimulia jinsi baba yake alivyopona kifo, mimi niko kwenye keki! Nilikuwa naitikia "ndiyo, Tantine", "aaah, Tantine", kwa sauti ya huzuni kabisa. Hata machozi nilijitengenezea kidogo mwishoni.

Alipomaliza alifuta mikono, akasema, "Asante Mungu. Sasa iko salama." Alikuwa anamaanisha ndani ya simu.

Wiki ile ile akapanda mtumbwi wa mota kwenda Yanonge kwenye matanga ya mtu wa kwao. Nikajiambia, akirudi nitamwomba anisimulie tena, nitasingizia sauti haikusikika vizuri.

Madame Estelle hakunipa nafasi. Safari yake iliwahishwa, akanipigia akiwa ameshatua uwanja wa ndege wa Bangboka!

Nikaenda kumpokea. Nikampikia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, nikajaza nyumba watu: majirani, binamu, watoto wa mtaa wote, nikitumaini kelele zitamsahaulisha. Alikuwa mama mpole wa miaka ya kustaafu, anasema Kifaransa taratibu. Alikula vizuri, akanawa, akaniuliza mbele ya watu wote:

"Rekodi iko wapi? Mama anangoja."

Sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Madame, rekodi ni kitu baridi. Hadithi ya Nono husimuliwa na mtu aliyesimama."

Nikasimama.

Eeh ndugu yangu! Nilisimulia! Nilianza na treni, nikaileta na moshi wake. Nikaingiza mbwa wa kambini, Nono akamtazama machoni mpaka mbwa akalala chini. Watu wakasema eeeh! Hiyo eeeh ndiyo iliyoniua. Mtu wa kazi yangu akisikia eeeh hawezi kurudi nyuma. Nikaleta kamanda mwenye farasi mweupe, farasi anaitwa Napoléon. Nono na Musa wakamvizia, wakaruka juu yake wote wawili, geti likavunjika, risasi, theluji, mbio! Jirani mmoja alisimama juu ya kiti. Watoto walikuwa wanakimbia uani wakilia kama farasi, na hakuna aliyewahi kumwona farasi.

Tukafika kwenye mto. Pale nilipaswa kumuua Musa, maana angalau hilo nililijua, kwamba hakurudi. Lakini katika sherehe huui mtu kabla watu hawajamaliza kinywaji. Nikasema, "Maji yakamtoa Musa mgongoni mwa Napoléon, yakambeba mpaka ng'ambo ya pili. Nono alimwona amesimama kule, akimpungia mkono. Na tangu siku ile hakuna aliyejua alikokwenda."

Makofi! Madame Estelle alikuwa analia, simu yake ameishika juu. Alirekodi kila neno. Simu yake yeye ilikuwa na nafasi. Kabla sijaketi, video ilikuwa imefika Brussels.

Asubuhi yake alikuja mbio kutoka hotelini, uso mweupe zaidi ya kawaida.

"Mama hajakaa kitako tangu jana," akaniambia. "Anasema Musa alivuka. Anataka tumtafute, kama si yeye, basi watoto wake. Ng'ambo ile ni nchi gani?"

Nilipaswa kusema pale pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Badala yake nikasema, "Nitamuuliza Tantine akirudi." Kisha nikaingia chumbani nikapiga magoti na kuomba mota ya mtumbwi wa Tantine iharibike. Ndiyo, niliomba hivyo, na nikamalizia na Amina.

Mota haikuharibika. Tantine akashuka na kikapu chake cha samaki wa moshi, akapanda mtaa. Watoto walimwona wa kwanza.

"Mama Rebeka! Mama Rebeka! Napoléon alivukaka ao alikufa?"

"Napoléon gani?"

"Farasi ya Nono!"

Alikiweka kikapu chini, katikati ya njia. Nilimwona kupitia dirishani.

Hakupiga kelele. Aliingia, akamsalimu Madame Estelle kwa kumkumbatia muda mrefu, akaomba kuona video. Akaitazama mpaka mwisho. Akaomba arudishiwe pale kwenye mto, akatazama tena. Kisha akanigeukia mimi.

"Ile siku nilikuwa nachambua pondu, nilikuambia nini?"

Nikamsogezea kiti. Hakukaa.

"Nirudilie hata neno moja tu. Moja."

Nilitafuta. Nilitafuta kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo. Nikapata rangi ya waridi na rangi ya maziwa.

"Bon," akasema. "Sasa mi nilikuwa nasema na nani?"

Jamani, angenipiga ningelia kidogo tu. Neno hilo lilinikalisha chini sakafuni, mwanamke mzima.

"Simama," akaniambia. "Weye unapendaka kusimama. Utamwambia Alegra weye mwenyewe."

Courant ilikuwa imekatika, bwawa la umeme liko karibu hapa lakini ni kama halitujui, basi tukatoka uani kutafuta réseau ya simu. Madame Estelle akapiga. Kwenye kioo akatokea bibi kizee mdogo, amevaa gauni zuri, nywele zimechanwa vizuri, kama anayengoja wageni. Nikaanza na Kifaransa changu cha harusini. Akanikatiza kwa Kiswahili cha hapa hapa, cha zamani, alichokibeba tangu utotoni.

"Sema Kiswahili, mutoto ya Davidi. Ninasikia."

"Mama Alegra," nikasema, "hakuna farasi. Niliongopa."

Akasogeza uso karibu na kioo.

"Na muto?"

"Hakuna mto."

"Na ng'ambo?"

"Hakuna ng'ambo, Mama. Nisamehe."

Aligeuza uso akatazama upande, kitu ambacho sisi hatukukiona. Kisha akasema polepole, "Nilishamuwekea sahani."

Mimi nimesimama mbele ya watu wengi maishani. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile.

Halafu, sijui nikuelezeje, mdomo wake ukacheza kidogo. "Lakini nilijuaka," akasema. "Davidi juu ya farasi! Davidi alikuwa anaogopa mpaka punda ya mutu wa maziwa. Nilijuaka, ni vile nilipenda tu kuamini."

Tantine akaninyang'anya simu. Akakaa. Na akasimulia vile vile, taratibu, na vinyamazo vyake vyote. Safari hii nilisikiliza.

Hapakuwa na mbwa aliyelala chini. Davidi na Musa waliingia kambini bila kujua lugha ya kule. Amri zilitolewa kwa Kijerumani, na asiyeelewa alipigwa, na aliyepigwa sana hakuamka. Palikuwa na mfungwa mmoja wa Thesalonike, "kama wale wa barua za Paulo," akasema Tantine. Myahudi huyo alijua lugha yao ya nyumbani, na alikuwa amekaa pale mpaka akazijua amri. Kila asubuhi alisimama nyuma yao akiwanong'oneza: sasa wanasema vueni kofia, sasa wanasema geukeni, sasa usisogee. Hawakuwa ndugu zake. Wala hawakuwa na kitu cha kumpa.

"Ile njo ilimuponesha Nono," Tantine akasema. "Mutu alimwambia maneno inamaanisha nini. Hakuna kitu ingine."

Musa alishikwa na homa wakati wa baridi. Alikufa mchana, kichwa chake juu ya mapaja ya Davidi. Karibu na mwisho aliuliza, "Alegra amekula?" Davidi akamjibu, "Alegra iko Kongo, anakula ndizi." Musa akacheka. "Ndizi!" akasema, kama mtu aliyesikia habari ya ajabu na nzuri. Hakusema tena.

"Njo maana hakukuambia," Tantine alimwambia Alegra. "Kila mara alikuwa anakuona unakula, sauti ilikuwa inakatika."

Bibi kizee alilia, akacheka, akalia. Madame Estelle alikuwa amelala begani kwangu, begani kwangu mimi mwongo! Kisha Alegra akajifuta, akauliza:

"Ule mutu wa Tesalonike, jina yake nani? Nitamuombea."

Tantine akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama juu, akatazama mikono yake.

"Ilikuwa... ngoja. Ngoja." Tukangoja. "Nilikuwa nayo. Nilimwambia huyu."

Akanitazama. Na hapo ndipo kitu kimoja cha alasiri ile kikanirudia. Tantine alikuwa amefumba macho kwa muda mrefu, ameacha kuchambua, kisha akataja jina, polepole, akifurahi kwamba amelipata. Nilikumbuka jinsi uso wake ulivyong'aa. Jina lenyewe sikulisikia. Mteja alikuwa amekubali waridi.

Limepotea mpaka leo. Madame Estelle alimrekodi Tantine vizuri kabla ya kuondoka, habari nzima, na mahali pa jina kuna kimya. Tantine bado analitafuta. Anaosha sahani, ghafla anapaza sauti jikoni, "Avramu!" Nakimbia na simu. "Apana," anasema, "si ile," anarudi kwenye sahani zake. Lakini jina la farasi ambaye hakuwepo, muulize mtoto yeyote wa Tshopo!

Usidhani niliponyoka hivi hivi. Mtaani naitwa Mama Farasi. Nikipita, vijana wa toleka wanasimamisha baiskeli zao za abiria na kulia kama farasi. Uongo wowote siku hizi unaitwa farasi: "Weye, usiniletee farasi hapa!" Kwenye harusi moja nilimsifu bwana harusi kuwa ana diploma, mjomba wa bibi harusi akasimama akauliza, "Ni diploma ya kweli, ao ni Napoléon?" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Tonton aliniondoa kwenye harusi ya binamu yangu, akampa kazi kijana anayeshika mikrofoni kama mtu anayeshika nyoka.

Na Tantine alinipa adhabu yake. Kila ukoo ukikutana, mimi ndiye ninayesimulia habari ya Nono, nimekaa chini, bila mikono kurukaruka, bila chumvi. Nikiongeza hata upepo, anakohoa, naanza upya. Watoto walinuna mwanzoni. "Na farasi?" Hakuna. "Na mto?" Hakuna. Siku hizi wananyamaza tukifika kwenye ndizi, na mdogo mmoja huenda kukaa karibu na dada yake.

Kisha watoto huuliza, kila mara, "Ule mutu aliitwa nani?"

Nami lazima nijibu, kwa sababu Tantine ananitazama: "Tantine alinitajia. Mimi nilikuwa naandika habari ya keki."

Hilo sasa ni sehemu ya hadithi. Watoto wamelishika pamoja na mengine, na watawasimulia watoto wao: palikuwa na mtu aliyemwokoa Nono, na palikuwa na mjukuu aliyelipoteza jina lake. Maisha yangu yote nilitaka niwe ndani ya hadithi kubwa. Haya, nimeingia, na sitoki tena.

Wewe unayesoma, ambaye nyumbani mwenu kuna mzee na mnangoja sikukuu ndiyo mumuulize: usingoje sikukuu. Futa hizo video, hata ulizopendeza. Kaa chini. Akinyamaza, nyamaza naye, kuku apite. Na akitaja jina la mtu, tafadhali, mshike mkono, mwambie alirudie.